Salep ya Istanbul na viazi vya maua vya Makete

Watu wakija Uturuki wakati wa baridi wanaulizia sana chai na ile kahawa yao ya kikombe kidogo, ila kinywaji ambacho mi naona kina mambo mengi nyuma yake kuliko vyote ni salep. Kama hujawahi kukutana nayo, ni maziwa ya moto mazito kama uji mwepesi, matamu, meupe, juu yamenyunyizwa mdalasini, na huwa inaanza kuonekana mtaani baridi ikishaingia, mwezi wa kumi na moja hivi, mpaka mwezi wa tatu. Istanbul utaikuta kwenye vivuko vya boti, kwenye maduka ya baklava, na kwa wauzaji wa mtaani wenye birika kubwa la shaba lenye moto chini yake. Wengi wanakunywa na simit, ule mkate wa duara wenye ufuta. Unashika kikombe kwa mikono yote miwili unakunywa taratibu, maana ule uzito unatunza joto na ukiwa na haraka utaungua ulimi.

Kinacholeta ule uzito ni unga wa viazi vya okidi. Sio zile okidi za kwenye vyungu zinazouzwa supamaketi, hizi ni za porini, zinaota kwenye nyasi na pembezoni mwa misitu ya milimani, ua liko juu, chini ya udongo kuna viazi vidogo vya mviringo.

Mi kwetu ni Makete, kule juu Njombe, na mtu wa Makete ukimwambia kuna viazi vya maua vinachimbwa na kuuzwa hashangai hata kidogo. Nitafika huko. Ila kwanza niseme nilivyoijua salep, maana nimeishi karibu na hii kitu miaka kadhaa sasa, nimeipika, nimeona mmea wenyewe ulipoota, nimeongea na watu wanaouza na mtu aliyekuwa anachimba, na mengi ya niliyojifunza sijayaona yakiandikwa kwa Kiswahili.

Aliyenifundisha kuipika ni mama mwenye nyumba, mtu mzima ambaye jengo zima tulikuwa tunamwita teyze, yaani mama mdogo. Nilikuwa nakohoa vibaya, kile kikohozi cha baridi ya kwanza, akaniita jikoni kwake akasema kaa hapo. Unga wake alikuwa nao kwenye kichupa kidogo cha kioo, kabatini nyuma kabisa, pembeni ya zafarani, na hapo tu nikajua hiki ni kitu cha thamani. Rangi yake sio nyeupe pee kama ngano, ina unjano kidogo, na ukinusa kuna harufu ya majani makavu. Akachukua kijiko kimoja cha chakula, kama gramu 10, kwa lita nzima ya maziwa. Yaani kijiko kimoja tu! Akauchanganya kwanza na sukari vikiwa vikavu, akaniambia ukiutia peke yake kwenye maziwa unashikana mabonge na hayaachii tena hata ukoroge vipi, alafu akaumimina kidogo kidogo kwenye maziwa ya baridi huku anakoroga, ndo akawasha moto, moto mdogo, na kuanzia hapo mkono wake haukusimama. Mwanzoni unaona ni maziwa tu, hakuna kinachotokea, dakika tano, dakika kumi, unaanza kuwaza labda unga ulikuwa mchache, alafu ghafla mwiko unakuwa mzito mkononi na ukiuinua maziwa hayadondoki tena, yanashuka yamevutika kama uzi. Teyze alikuwa anaangalia huo uzi. Ukikatika mapema haijaiva, ukishuka mrefu bila kukatika zima moto.

Koo lilitulia usiku ule. Wazee wa Kituruki wanaiamini sana salep kwa kifua na tumbo, na wanaume wengi wanaiamini kwa mambo mengine, nguvu za kiume, ila ukweli ni kwamba hiyo imani ya pili imetokana na umbo, hivi viazi vinakaa viwili viwili pamoja na vinafanana na korodani, basi watu wa kale toka enzi za Wagiriki wakaamini umbo ndo dawa. Kinachofanya kazi kwenye kikombe ni kitu kinaitwa glukomanani, aina ya nyuzinyuzi za mimea zinazoweza kunywa maji mengi na kuvimba, ndo maana kijiko kimoja kinatosha lita nzima. Na hii ya kunywa salep sio ya Waturuki peke yao, Misri na Shamu, yaani Syria na majirani zake, wanayo wanaiita sahlab, wanaweka na karanga na nazi juu, na hata London karne ya 18 ilikuwa inauzwa mtaani kwa watu wa kipato kidogo kabla chai haijawa rahisi.

Sasa, teyze kwao ni Kastamonu, mkoa wa milima na misitu upande wa kaskazini kuelekea Bahari Nyeusi, na mwaka mmoja mwezi wa tano mwanae alikuwa anaenda kusalimia nikaomba tuende wote. Kaka yake teyze, mzee tuliyekuwa tunamwita amca, yaani ami, ujanani alikuwa mchimbaji. Akatupeleka pembeni ya msitu, tukatembea mpaka kwenye uwazi wenye nyasi, akasimama akasema hilo hapo. Mi nilikuwa natafuta ua kubwa la kushangaza, kumbe ni kitu cha kufika kwenye muundi tu, shina moja, maua madogo ya zambarau yamepangana kuelekea juu, na ukiinama karibu kila ua lina mdomo wa chini wenye madoa madoa. Amca akapiga magoti, akafukua udongo kwa vidole pembeni ya shina, taratibu sana, bila kung'oa, mpaka viazi vikaonekana.

Hapo ndo nilielewa kila kitu. Viko viwili. Kimoja cheusi cheusi, kimesinyaa, kilaini, kingine cheupe, kigumu, kimejaa. Akanieleza: hiki kilichosinyaa ndo kimelisha shina na maua ya mwaka huu, kimeshamaliza kazi, na hiki cheupe ndo mmea wa mwakani. Mmea unaweka akiba ya mwaka ujao ndani ya kile cheupe. Na mchimbaji anachukua kipi? Cheupe. Kile cha zamani hakina kitu ndani, hata ukikirudisha kwenye shimo ukakifukia vizuri kimeshachoka. Kwahiyo unapochukua kiazi kimoja umechukua mmea mzima na mwaka wake unaokuja. Na wanachimba wakati wa maua kwa sababu huwezi kuuona mmea ukiwa hauna ua, maana yake unachimbwa hata kabla haujatoa mbegu. Amca akarudishia udongo, akaukandamiza kwa kiganja, akanyanyuka.

Vikishachimbwa vinaoshwa, vinachemshwa kidogo kwenye maji au maziwa ili visichipue tena na uchungu utoke, alafu vinatungwa kwenye uzi kwa sindano, kimoja kimoja, vinaanikwa. Nilionyeshwa uzi mmoja wa zamani ukining'inia stoo, viazi vimekuwa vidogo kama kucha ya kidole gumba, vigumu kiasi kwamba ukivigonga mezani vinalia. Ndo vinasagwa.

Hesabu yake ilinikaa kichwani safari nzima ya kurudi. Kilo moja ya unga inakula viazi 1,000 mpaka 4,000, inategemea aina ya okidi na ukubwa wake. Chukua ile gramu 10 ya teyze kwa lita, hiyo ni viazi 10 mpaka 40. Lita inatoa vikombe vitano. Kwahiyo kikombe kimoja cha mtu mmoja, kile unachokunywa umesimama unasubiri boti, kama ni salep ya kweli ni mimea miwili mpaka minane iliyong'olewa moja kwa moja. Na okidi sio mchicha. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi, hazina chakula ndani, haziwezi kuota mpaka zikutane na aina fulani ya kuvu kwenye udongo inayozilisha, na baada ya hapo unasubiri miaka mpaka uone ua la kwanza. Mtu anachimba kwa dakika moja kitu kilichochukua miaka.

Alafu kinywaji ni sehemu tu. Mnazijua zile video za muuza aiskrimu wa Kituruki mwenye fimbo ndefu anamchezea mteja, aiskrimu inanata kwenye fimbo haidondoki? Ile ni aiskrimu ya mji wa Maraş, ya maziwa ya mbuzi, na kinachoifanya ivutike vile mpaka wengine wanaila kwa kisu na uma ni salep hiyohiyo. Dunia nzima inaicheka ile video na kuipenda na mi naipenda pia, ila ujue nyuma yake kuna maua.

Baada ya Kastamonu nikaanza kuuliza maswali kila duka. Kwenye soko la viungo pale Eminönü, Istanbul, utaona maandishi ya salep kila kona, magunia na pakiti, bei zinatofautiana mno, moja rahisi sana na nyingine unadhani wamekosea kuandika. Muuzaji mmoja alikuwa muungwana, akanikalisha, akanitolea pakiti ya bei rahisi akasema soma nyuma. Sukari, wanga wa mahindi, maziwa ya unga, gundi ya mimea ya kuongeza uzito, ladha. Okidi hakuna, au ipo kidogo sana mwishoni kabisa. Alafu akafungua chupa ya kauri akanionyesha unga wa kweli, akaniambia huu nauza kwa gramu, na wateja wanaounulia wengi ni watengeneza aiskrimu na wazee. Salep nyingi sana inayouzwa vikombeni siku hizi ni ile ya wanga.

Hapa ndo natofautiana na Waturuki wengi niliokaa nao, na hata na Watanzania wenzangu wa huku. Watu wanalalamika kwamba salep ya siku hizi ni feki, tunaibiwa, hakuna kitu kama zamani. Nakubali kwamba kama mtu anakuuzia wanga kwa bei ya okidi huo ni wizi na ashtakiwe. Lakini kama pakiti imeandikwa wazi kilichomo na bei yake ni ya wanga, mi sioni feki hapo, naona ndo kitu kinachobakisha yale maua mlimani. Watu mamilioni wanataka kunywa kitu kitamu cha moto wakati wa theluji, ni haki yao kabisa, milima haiwezi kuwapa wote okidi. Haiwezi tu. Uturuki yenyewe ilishapiga marufuku kuuza nje salep ya porini, na okidi zote duniani ziko kwenye orodha za CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Ila soko la ndani halijafa, na zilipopungua kwao wachimbaji wa Iran wakaingia, huko nako watafiti wamekuta zinachimbwa kwa mamilioni kwa mwaka kwa ajili ya soko hilohilo.

Sasa turudi nyumbani. Kitulo, kule kwetu nyanda za juu, wengi mnaijua kwa picha, Bustani ya Mungu, Hifadhi ya Taifa toka 2005, kama kilomita za mraba 413 za nyasi za juu kabisa, mita 2,600 kwenda juu, na kuanzia mwezi wa kumi na mbili mpaka wa nne inawaka maua, okidi peke yake ni aina 45. Kilichochangia sana watu kuhangaika ilindwe ni biashara ya viazi vya okidi kwenda Zambia. Kule wanapika chikanda, viazi vinakaushwa vinatwangwa, vinachanganywa na unga wa karanga, pilipili, chumvi na magadi, vinasongwa mpaka vinakuwa kitu kigumu unakata vipande. Zamani ilikuwa chakula cha kijijini kwa Wabemba na makabila ya kaskazini mwa Zambia, baadaye mjini wakaipenda, ikaingia sokoni na hotelini, okidi zao zikapungua, wafanyabiashara wakavuka mpaka wa Tunduma kuja kwetu. Utafiti uliochapishwa 2003 ulikadiria viazi milioni 2.2 mpaka 4.1 vinatoka Nyanda za Juu Kusini kila mwaka. Milioni nne! Na okidi za kwetu nazo nyingi zinajengwa vilevile, kiazi cha mwaka huu na kiazi cha mwakani.

Nikiwa mdogo niliona watu wakirudi jioni na ndoo na viroba vya hivyo viazi, mikono na magoti yote udongo, na mnunuzi anasubiri barabarani. Nyumbani kwetu sijawahi kuona chikanda ikipikwa hata siku moja. Tulikuwa tunachimbia watu wengine mlo wao. Nilivyokaa na amca Kastamonu nikamuuliza salep mlikuwa mnakunywa sana hapa kijijini? Akasema mara chache, tukiwa na mgonjwa, nyingine yote tunauza, ndo ilikuwa hela ya viatu vya watoto. Baba yangu mdogo Makete nilishamuuliza swali hilohilo, akanijibu, mwanangu, ua halilipi ada. Wazee wawili, hawajawahi kuonana, mmoja hajui hata Makete iko wapi, wanaongea kitu kimoja.

Kwahiyo mi sipendi kabisa nikisikia mtu wa mjini anawasema wachimbaji kwamba ni wajinga wanaoharibu mazingira. Mchimbaji anajua kuliko wewe. Amca ndo aliyenionyesha kile kiazi cheupe cha mwakani, hakukisoma mahali, amekiona kwa macho, na aliona pia miaka ilivyokuwa inaenda wanatembea mbali zaidi kupata ndoo ileile. Baba mdogo naye anakumbuka maeneo yaliyokuwa yamejaa ambayo leo unakuta nyasi tupu. Hela iliyobaki mkononi mwa aliyepiga magoti kwenye udongo ni ndogo sana ukilinganisha na bei ya yule wa mwisho kule dukani, na hilo nimeliona kote kuwili kwa macho yangu. Ukitaka kumzuia mtu mpe kitu kingine cha kulipia ada, Makete leo kuna watu wanalima viazi mviringo, wanalima pareto, wanapanda miti, na wengi waliopata hizo hela hawarudi tena kwenye okidi, kazi yenyewe ya kuchimba ni ngumu na baridi ya kule mnaijua.

Kulima okidi yenyewe je? Uturuki wanajaribu, idara yao ya misitu ilitoa mpango kabisa wa salep wa 2014 mpaka 2018, na wapo wakulima wanaopanda viazi vidogo kwenye matuta. Ugumu ni kwamba ukipanda kiazi kimoja unavuna kimoja, kikizidi sana viwili, na ukianza na mbegu unahitaji ile kuvu na subira ya miaka. Sio zao la kumwambia mtu mwenye shida ya hela msimu huu. Ila inawezekana, na nikikuta salep iliyoandikwa imelimwa nalipa bei yake bila kubishana, hiyo nimejiwekea kama sheria. Ikiwa haijaandikwa nauliza, muuzaji asipotaka kujibu nachukua chai.

Teyze bado ana kichupa chake. Simsemi, ni cha familia, anakigusa akiumwa mtu. Ila mi kwangu napika ya aina nyingine, na Watanzania wengi waliopita nyumbani wakainywa wameniomba maelezo, basi ni hivi. Lita moja ya maziwa, yawe ya kweli yenye mafuta, sio yale yaliyotolewa mafuta. Vijiko viwili vya chakula vya kornflawa, na ukiweza kupata unga wa konjaki ongeza nusu kijiko cha chai, huo unatoka kwenye kiazi kinacholimwa shambani huko Asia ya Mashariki na una glukomanani, ndo unaoleta ule uzi. Usipoupata acha, itakuwa nzuri tu ila haitavutika. Changanya unga wote na vijiko vitatu au vinne vya sukari vikiwa vikavu, mimina kidogo kidogo kwenye maziwa ya baridi huku unakoroga, weka moto mdogo, na usiondoke pale jikoni hata simu ikiita, maana kornflawa ikishika chini maziwa yote yananuka moshi. Ikianza kuwa nzito iache ichemke taratibu dakika mbili tatu ladha ya unga mbichi iishe. Kwetu Makete mwezi wa saba, asubuhi yenye barafu kwenye nyasi, naweka na iliki kidogo, teyze hakubaliani na hilo kabisa. Mdalasini ni juu, mwishoni, ikiwa kikombeni tayari.